Zana za kubeba kwenye skuta ya zamani: tathmini ya mikoba ya tayari na zana za kujichagulia

Mikoba ya zana inayouzwa ikiwa imeshapangwa kwa ajili ya skuta za zamani, hasa Vespa na Lambretta, hupendeza macho: turubai nene, mikanda ya ngozi, spana zilizopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na bisibisi zenye mipini ya rangi moja. Nimetumia mikoba ya aina hiyo kutoka kwa wauzaji mbalimbali, nikailinganisha na zana nilizozichagua moja moja. Hukumu yangu ni kwamba kitambaa chenyewe kinastahili kununuliwa, spana ya plagi iliyomo mara nyingi inafaa, na sehemu kubwa ya vilivyobaki inahitaji kubadilishwa. Tatizo si ubora wa chuma peke yake. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba anayepanga mkoba wa kuuza huanza na orodha ya zana zinazotosha kwa skuta yoyote, ilhali mkoba wa barabarani unapaswa kuanza na nati za skuta moja, yaani ya kwako, na hitilafu ambazo zinaweza kweli kurekebishwa kando ya barabara.

Hitilafu hizo si nyingi. Vespa ilianza kutengenezwa na Piaggio mwaka 1946, na Lambretta ikafuata kutoka kwa Innocenti mwaka 1947. Ingawa zilibadilika sana katika miongo iliyofuata, umbile la msingi lilibaki lilelile: injini ndogo ya mipigo miwili iliyo karibu na gurudumu la nyuma, silinda inayopozwa kwa hewa, kabureta rahisi, na waya za chuma zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye klachi, gia, breki na kabureta. Kwa hiyo kinachomsimamisha mwendeshaji njiani, mara nyingi, ni pancha, plagi iliyokufa au umeme wake kukatika, jeti (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) iliyoziba, waya uliokatika, au nati iliyolegea kwa mtikisiko. Hitilafu za ndani ya injini, kama beringi kuvunjika au pistoni kuganda, ni za karakana, na zana zake hazina nafasi katika mkoba huu hata zikiwa nzuri kiasi gani.

Nianze na vipimo, kwa kuwa hapo ndipo mikoba ya tayari hukosea zaidi. Seti nyingi za kawaida huwa na spana za milimita 8, 10, 12, 13, 14 na 17, mpangilio ambao unaifaa pikipiki ya Kijapani kuliko skuta ya Kiitaliano. Namba 12 haina kazi kubwa kwenye Vespa wala Lambretta, ilhali namba 11 ni ya lazima, kwa sababu viwanda vya Italia vilipenda mno uzi wa M7 (yaani bolti ya kipenyo cha milimita 7), ambao nati yake huchukua spana ya 11. Mikoba miwili kati ya ile niliyoichunguza haikuwa na namba 11 kabisa, ingawa picha ya skuta ya Kiitaliano ilikuwa imechapwa kwenye kifuniko. Kasoro ya pili inahusu uzi wa M8. Kwenye skuta za miaka ya karibu, kama Vespa PX iliyoingia sokoni mwaka 1977, nati ya uzi huo kwa kawaida ina kichwa cha 13, lakini kwenye skuta za zamani zaidi kichwa cha 14 ni cha kawaida kwa uzi uleule. Tena skuta ambayo imepitia mikono ya mafundi wengi kwa miaka 50 au 60 inaweza kuwa na vichwa vya aina zote mbili kwenye gurudumu moja.

Dawa ya hili ni kutumia saa moja au mbili kabla ya kununua chochote, ukipita na spana kwenye kila nati ambayo ungeweza kulazimika kuigusa njiani, na kuandika kipimo chake. Palipo na mchanganyiko, badilisha nati ziwe za kichwa kimoja. Nati nne au tano mpya za M8 zinaweza kukuondolea haja ya kubeba spana nzima, jambo ambalo hakuna muuzaji wa mikoba atakayekushauri.

Kuhusu umbo la spana, ninapendelea zile zenye flati (mdomo wazi) upande mmoja na ringi upande wa pili, zilizo fupi kuliko za karakana. Spana fupi huingia kati ya injini na bodi bila kugonga, na urefu mdogo humzuia mtu kukaza kupita kiasi stadi (bolti zisizo na kichwa) za M6 na M7 zilizofungwa kwenye aluminiamu iliyochoka. Ringi na soketi ziwe za pembe sita, si kumi na mbili. Kichwa cha nati kuukuu kimeshapoteza ukali wa kona zake. Ringi ya pembe kumi na mbili hushika kwenye kona hizo hizo na kuzimaliza, wakati ile ya pembe sita hukumbatia nyuso za kichwa. Nimeona mikoba ya bei ya juu yenye ringi za pembe kumi na mbili tu, na kwa skuta ya zamani hilo kwangu ni sababu tosha ya kutonunua.

Racheti ni jambo ambalo watu hubishana sana. Racheti ndogo ya robo inchi ikiwa na soketi nne au tano ni nyepesi, hufanya kazi haraka, na kwa nati za 8, 10 na 11 haina mpinzani. Lakini haifai kufungulia nati za gurudumu ambazo zimekaa miezi mingi na kupata kutu, kwa kuwa mpini wake ni mfupi na meno yake ni madogo. Wapo wanaobeba racheti kubwa kwa sababu hiyo. Mimi naona spana ya umbo la T, yenye soketi ndefu ya 13 au 14 kulingana na gurudumu lako, ni chaguo bora zaidi: haina kinachoweza kuharibika, inashikwa kwa mikono miwili, na nati ikishalegea unaizungusha kwa vidole tu. Hakikisha soketi yake ni ya kina kirefu. Stadi za gurudumu huchomoza nje ya nati, na soketi fupi hugota kwenye ncha ya stadi kabla haijaishika nati vizuri, ikateleza unapoweka nguvu.

Spana malaya, ile ya taya za kurekebishwa, imo karibu katika kila mkoba wa tayari, na karibu kila mara ni mbovu. Taya zake hulegea, na kwenye nati laini za zamani hufanya uharibifu mkubwa kuliko manufaa. Mbadala wake ninaoupendekeza bila kusita ni koleo la Knipex lenye taya sambamba, lile linaloitwa koleo-spana, katika ukubwa wa milimita 150. Taya zake ni laini, hubaki sambamba kwa kipimo chochote, na kadiri unavyobana mpini ndivyo zinavyoshika kwa nguvu zaidi, hivyo hazichubui nati wala hazitelezi. Koleo hilo moja hushika nati ya kipimo usichokuwa na spana yake, hushikilia kichwa cha bolti upande wa pili wakati spana inakaza, hunyoosha liva ya breki iliyopinda baada ya skuta kuanguka, na hubana kibanio cha waya. Bei yake iko juu ukilinganisha na spana malaya, na sina hoja ya kulipunguzia sifa kwa sababu hiyo. Jambo pekee ambalo haliwezi ni kushika kitu cha mviringo kama bomba. Kwa kazi hiyo Knipex wana koleo la Cobra la milimita 125, dogo kiasi cha kuingia mfukoni, lakini kwenye skuta ni mara chache utalihitaji.

Sasa nije kwenye gurudumu, ambalo ndilo jaribio la kweli la mkoba wowote. Skuta hizi zina ubora mmoja ambao pikipiki nyingi hazina: gurudumu la akiba. Kwenye Vespa magurudumu mawili hubadilishana nafasi, kwa hiyo akiba moja inatosha mbele na nyuma, na kazi yote ni kufungua nati zinazoshika gurudumu kwenye habu (kitovu chake), tano kwenye Vespa PX na nne kwenye Lambretta. Mwenye akiba iliyojazwa upepo na spana ya T anaweza kurudi barabarani bila kugusa tyubu hata kidogo. Ndiyo maana nasema kwa uzito kwamba gurudumu la akiba ni zana namba moja, na kwamba aliyeliondoa ili skuta ionekane nyembamba anapaswa kulirudisha kabla ya kununua mkoba wowote. Lijaze kwa kipimo cha nyuma, kwa kuwa kupunguza upepo njiani ni rahisi kuliko kuongeza. Kwa tairi la 3.50-10 kwenye Vespa PX yenye mtu mmoja, mbele huhitaji karibu psi 18 na nyuma karibu psi 25.

Kuna tahadhari moja hapa ambayo haielezwi katika karatasi yoyote ya maelekezo niliyoikuta ndani ya mikoba ya tayari, nami naiona ni upungufu mkubwa. Rimu za skuta hizi ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati zake zenyewe, mbali na zile zinazoshika gurudumu kwenye habu, na kwenye Vespa seti zote mbili zinaweza kuchukua spana ileile. Asiyezijua anaweza kuanza na nati za kuunganisha rimu wakati tairi bado lina upepo, na vipande viwili vikaachana kwa nguvu ya kuvunja mkono. Nati za habu ndizo za kufungua kwanza. Nati za rimu haziguswi mpaka kiini cha vali kiwe kimetolewa na tairi limelala kabisa. Kwa hiyo kifungulio cha vali, kijitu kidogo kama kifuniko, kiwemo katika mkoba. Kwenye mikoba ya tayari sikukiona.

Nati za habu zilegezwe robo mzunguko kabla ya kuinua gurudumu, na zikazwe kwa zamu za kukingamana wakati wa kurudisha. Kwa Vespa kiwango cha kukaza ni kati ya Nm (nyutonimita) 20 na 27, ambacho kwa spana ya T ya kawaida ni nguvu ya mikono miwili bila kuegemeza mwili. Kipande cha ubao cha kuweka chini ya injini huzuia skuta kukalia gurudumu la nyuma ukiwa umeiweka kwenye stendi. Kinaweza kuonekana si zana, lakini kimewahi kunifaa kuliko nusu ya spana nilizobeba. Ukilazimika kulaza skuta, funga kwanza bomba la petroli, maana mfuniko wa tangi una tundu la kupitishia hewa na petroli itamwagika.

Kwa asiye na akiba, au kwa safari ndefu ambamo pancha ya pili inawezekana, kuna njia kadhaa za upepo. Makopo ya povu la kuziba pancha siyapendekezi. Tairi hizi zina tyubu, na tyubu ikichanika au ikibanwa kati ya vipande vya rimu, povu halina cha kushika, kisha hubaki uchafu ndani ya rimu wa kusafisha baadaye. Katriji za gesi ya kaboni dayoksaidi ni bora zaidi na ni ndogo, ila hesabu yake ifanywe vizuri: katriji ya gramu 16 hutoa gesi ya lita 8 na kidogo, wakati ndani ya tairi la 3.50-10 kuna nafasi ya takriban lita 5. Katriji moja inaweza kulisimamisha tairi la mbele, lakini kwa la nyuma lenye mzigo beba mbili au tatu, na ukifika penye pampu toa gesi hiyo ujaze hewa ya kawaida, kwa kuwa kaboni dayoksaidi hupenya kwenye mpira haraka kuliko hewa. Pampu ndogo ya umeme inayotumia betri yake yenyewe inafanya kazi vizuri mradi ukumbuke kuichaji nyumbani. Skuta nyingi za volti 6 hazina hata betri, taa zake huendeshwa moja kwa moja na flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku linalozungushwa na injini), kwa hiyo hakuna pa kuichaji njiani. Chaguo langu la mwisho ni pampu ya mkono ya baiskeli yenye bomba laini la kufungwa kwa uzi kwenye vali. Bomba hilo laini ni muhimu kuliko pampu, kwa sababu vali iko katikati ya rimu ndogo na kichwa kigumu cha pampu hakipati nafasi ya kuingia. Pamoja nayo beba tyubu moja mpya ya ukubwa sahihi badala ya viraka. Vyuma virefu vya kubandulia tairi viache, kwani rimu ikishaachana vipande viwili tairi hutoka kwa mikono.

Spana ya plagi niliisifu mwanzoni, na sababu yake ni kwamba umbo lake halijabadilika na ni vigumu kuliharibu. Plagi za skuta hizi ni za uzi wa milimita 14 na kichwa cha karibu milimita 21, na bomba la chuma lenye tundu la kupitisha bisibisi kama mpini linatosha. Angalia tu kwamba bomba lina urefu wa kutoka nje ya mabati ya kuongozea hewa, na kwamba mpira wa kushikilia plagi ndani yake haujalegea. Plagi ya akiba iwe ya namba inayotakiwa na injini yako. Hapa pana hatari ambayo muuzaji haioni: Vespa nyingi hutumia plagi ya uzi mfupi wa milimita 12.7, kama NGK B7HS, ilhali nyingine hutumia ya uzi mrefu wa milimita 19, kama NGK B7ES. Mkoba mmoja wa tayari ulikuja na plagi ya uzi mrefu bila kuuliza ni ya injini gani. Ikifungwa kwenye kichwa cha silinda kilichotengenezwa kwa uzi mfupi, ncha yake huingia ndani ya chumba cha moto na inaweza kugongwa na pistoni. Plagi mpya ianzwe kwa vidole mpaka uzi ushike, ndipo spana iguse, kwa kuwa uzi wa aluminiamu ukiharibika njiani hakuna zana ya mkobani itakayokusaidia.

Kwa upande wa umeme wenyewe, mkoba hutegemea umri wa skuta. Skuta yenye pointi (swichi ndogo inayokatiza umeme ili cheche itoke) huhitaji bisibisi bapa nyembamba ya kupita kwenye dirisha la flaiwili, fila geji (kipimio cha mwachano) yenye bamba la milimita 0.4, kwa maana Vespa hutaka mwachano wa kati ya 0.3 na 0.5, na kipande cha msasa laini sana wa kusafishia nyuso za pointi. Vitu hivi vitatu havina uzito wowote na huweza kuirudishia uhai injini iliyopoteza cheche. Skuta yenye umeme wa kielektroniki haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Badala yake ibebewe kisanduku cha CDI (kile cha kielektroniki kinachozalisha cheche) cha akiba kilichohakikishwa kuwa kinafanya kazi, kwa kuwa kisanduku hakitengenezwi, hubadilishwa tu. Aina zote mbili zibebewe kofia ya plagi ya akiba, ile inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye waya wa umeme mkubwa. Ni ndogo, hufa kimyakimya, na dalili zake hufanana sana na za plagi mbovu hata mtu akapoteza nusu saa akibadilisha plagi nzima kwa nzima.

Bisibisi bapa ndizo zinazohudumia pia kabureta. Kwenye Vespa yenye kabureta ya Dell'Orto ya aina ya SI, kifuniko cha kisanduku, kichujio cha hewa, jeti kubwa na jeti ya mwendo wa taratibu vyote hufunguliwa kwa bisibisi bapa kutoka juu, bila kuitoa kabureta mahali pake. Bisibisi ya nyota hutumika kidogo sana. Kinachotakiwa ni bisibisi bapa mbili, moja pana ya skrubu za kifuniko na nyingine yenye ncha inayojaza vizuri mkato wa jeti. Ncha nyembamba kuliko mkato huo huchimba shaba, na jeti iliyochimbika haitoki tena kwa upole. Mikoba ya tayari hupenda bisibisi moja yenye ncha za kubadilisha. Mpini wake ni mnene, hauingii kwenye kisanduku cha kabureta, na ncha yake huweza kuchomoka na kudondokea ndani. Nimeziondoa zote. Jeti iliyoziba ipulizwe kwa mdomo au kwa pampu ya tairi, isichokonolewe kwa waya wa chuma.

Waya za usukani zinahitaji maandalizi zaidi kuliko zana. Beba waya wa ndani peke yake, si pamoja na ala yake, kwa kuwa ala mara chache huharibika ghafla na waya mpya hupita ndani ya ileile ya zamani kutoka kwenye usukani kushuka kwenye injini. Kwa wengi waya wa klachi na wa gia zinatosha, na waya mrefu wa kabureta kwa mwenye tahadhari. Ncha ya waya iwe imetiwa risasi ya kulehemu ili nyuzi zake zisifumuke zinapopita, na waya wote upakwe grisi na ukunjwe kwa mviringo mpana ndani ya mfuko wa plastiki. Ongeza vibanio viwili vya waya, kwa sababu skrubu ya kibanio cha zamani mara nyingi hukatika wakati uleule unapobadilisha waya.

Kazi yenyewe huhitaji mikono mitatu: mmoja wa kuvuta waya, mmoja wa kushikilia kibanio na mmoja wa kukaza nati. Mkono wa tatu ni vaisi gripu ndogo, koleo la kujifunga lenyewe, ambalo hushika waya uliovutwa na kuuzuia usirudi. Koleo hilohilo linaweza kufungwa mahali pa pedali au liva iliyovunjika hadi ufike unakokwenda. Leatherman na makoleo mengine ya kazi nyingi yana ubora wake, na kisu na kikatio chake nimevitumia mara nyingi. Lakini hayajifungi, na vikatio vya baadhi yake hutafuna waya uliosokotwa badala ya kuukata. Kama unalo tayari, libebe. Kama unanunua kwa ajili ya skuta, fedha hiyo ielekeze kwenye vaisi gripu na kikata waya kidogo chenye taya za kukumbatia.

Waya wa gia ukikatika na huna wa akiba, sehemu ya kubadilishia gia kwenye injini inaweza kusogezwa kwa koleo mpaka gia ya pili ishike, na skuta ikaenda taratibu hadi karakana. Klachi iliyokatika waya nayo haizuii safari fupi kwa mwenye uzoefu. Nayataja haya kwa sababu yanapunguza idadi ya vitu ambavyo ni lazima uvibebe.

Vidogo vilivyobaki ni tochi ya kuvaa kichwani, glavu, kitambaa, tepu ya umeme, vifungo vya plastiki, mita moja ya waya laini wa chuma, fyuzi na balbu za volti sahihi, na nati na washa chache za M6, M7 na M8. Kwa skuta isiyo na pampu ya oili, chupa ya oili yenye alama za vipimo ni ya lazima: mchanganyiko wa asilimia 2 ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, na wa asilimia 4, kama unavyotumika kwenye Lambretta nyingi, ni mililita 40.

Baadhi ya mikoba ya gharama kubwa huja na pula (kichomoleo) ya flaiwili na spana ya nati ya klachi, na wauzaji huyafanya hayo kuwa sifa. Mimi nayahesabu kuwa kasoro. Pula bila kishikio cha flaiwili, spana kubwa na nyundo haifanyi kazi, na atakayefungua klachi kando ya barabara atahitaji pia gasketi, oili ya gia na mahali pasafi pa kuweka sahani zake. Uzito huo ni heri uwe tyubu ya pili.

Mkoba ukishakamilika, ufanyie jaribio nyumbani kwa kutumia vilivyomo ndani yake tu, sanduku kubwa la zana likiwa limefungwa: toa gurudumu la nyuma na ulirudishe, badilisha plagi, toa jeti, pitisha waya mpya wa klachi. Kila utakaponyoosha mkono kutafuta kitu kisichokuwemo, kiongeze. Na kitu ambacho hakikuguswa katika kazi zote hizo kitoe, isipokuwa kina sababu maalumu. Mkoba wangu wa kwanza wa kununua, ambao ulikuja na vitu vingi, ulibakiza katika jaribio hilo spana mbili, spana ya plagi na turubai.

Turubai hilo ni zuri kweli, na kwa hilo muuzaji anastahili sifa yake: kila spana ina mfuko wake, na kifuniko cha juu huzuia zana kuchomoka mkoba ukisimama wima. Chuma kikikaa kwenye chuma kwa mtikisiko wa injini ya mipigo miwili hulika, na plagi iliyolala wazi kati ya spana itavunjika kauri yake. Iweke ndani ya spana ya plagi, ikiwa imezungushiwa kitambaa. Kwenye Vespa yenye akiba ubavuni, mahali pazuri pa mkoba ni upande wa kushoto nyuma ya gurudumu hilo, kwa kuwa injini iko kulia na uzito wa zana husaidia kusawazisha. Funga kwa mkanda wa mpira, kisha baada ya safari ya kwanza fungua uangalie kama kuna kilichosuguana na bodi na kuikwangua rangi.